Goti linauma mbele tangu nilipoongeza safari za baiskeli

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Ndugu zangu, naomba ushauri. Kwa muda mrefu nimeendesha baiskeli ya gia kutoka mjini hadi Mikindani na kurudi bila shida, lakini tangu nilipoanza safari za Lindi, ambako ni zaidi ya kilomita 100, goti la kulia linauma mbele, chini kidogo ya pia ya goti, hasa ninapopanda kilima au kushuka ngazi. Sikuanguka wala kujigonga. Je, nipumzike kabisa?

Fundi baiskeli, Mikindani
Kabla ya dawa, tazama kiti. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeshika ukuta, kisha weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kulalia upande mmoja. Ukibaki umekunjika, kiti kiko chini mno na goti hubanwa kila unapokanyaga. Kama ungeumia nyuma ya goti, ningeshuku kinyume chake. Wengi huku hushusha kiti ili miguu yote ifike chini wanaposimama, jambo linalofaa kwa kwenda sokoni, si Lindi.

Muuguzi, Lindi
Fundi amesema vyema, ila mimi naona chanzo kikubwa ni kuongeza masafa kwa ghafla, kwa sababu pumzi huzoea kazi mpya upesi kuliko kano. Si lazima uache kabisa. Rudi kwenye umbali usiokuletea maumivu, uongeze taratibu wiki hadi wiki, na utumie gia nyepesi ukizungusha pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika badala ya kusukuma gia nzito. Usiendeshe huku umemeza diklofenaki, kwani hufunika maumivu wakati goti linazidi kuumia, tena ina madhara kwa wenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo. Goti likivimba au likikwama, nenda ukapimwe. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Ahsanteni sana. Nimepima, na mguu umebaki umekunjika waziwazi, ingawa bomba la kiti limeshafika kwenye alama yake ya mwisho. Je, naweza kuipita kidogo?

Fundi baiskeli, Mikindani
Hapana, litapinda au kupasua fremu. Tafuta bomba refu zaidi lenye unene uleule, kisha uinue kiti kwa milimita chache kila mara.