Nionyesheje maisha ya kila siku ya wanyonge katika mji wa kubuni?

Mwandishi wa Uyole

Ndugu zangu, ninaandika riwaya juu ya mji wa kubuni uitwao Kilimbi, uliojengwa mlimani. Matajiri wanakaa juu, kwenye jua. Chini yao, ndani ya ukungu usioondoka mwaka mzima, wanakaa Wakungugu, ambao kazi yao ni kutega nyavu za kunasa ukungu na kuyapandisha maji yake juu, ingawa wao wenyewe hawaruhusiwi kuyanywa bila kupimiwa. Wazo lilinijia asubuhi moja ya masika, nikingoja daladala huku sioni hata ng'ambo ya barabara. Tatizo ni kwamba sura tatu za mwanzo zimejaa viboko na vilio, na rafiki aliyezisoma ameniambia kwamba alichoka kabla hajamfahamu mhusika hata mmoja. Siku ambayo hakuna aliyepigwa, niiandikeje ili uonevu uonekane?

Babu wa Lupembe

Kamwene, mwanangu. Punguza viboko, uongeze hesabu. Marehemu baba yangu alitoka Njombe kwenda Tanga kukata mkonge, akiwa miongoni mwa wale walioitwa manamba kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Alichotusimulia mara nyingi si fimbo ya nyapara bali kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ambayo siku yake ilitiwa alama pale tu mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa. Ukishikwa na homa ukaishia robo tatu, jasho limekutoka na siku haipo, na mshahara unangoja mpaka kadi ijae. Ndiyo maana mwezi wake ungeweza kuchukua siku 40 na zaidi, na wenzake kambini wakikutana jioni waliulizana kipande kimefika wapi kabla ya kuulizana hali.

Tena hakuna aliyemfunga kamba kumpeleka huko. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kijijini alikuwa na mahindi na ulezi tu. Jiulize basi Mkungugu anadaiwa nini, na kwa nini hashuki mlima akaenda zake. Usipolijibu swali hilo, nyavu zako zitaning'inia bila miti.

Mama wa Makete

Shikamoo babu. Mimi nitazungumzia nguo, kwa sababu mwandishi amewaweka watu ndani ya ukungu wa mwaka mzima na hakusema wanaanika wapi. Huku kwetu mvua zikishika, nguo za watoto tunazikausha juu ya moto jikoni, kwa kuni ambazo nazo ni mbichi, na mtoto anakwenda shule akinuka moshi hata kama ameoga vizuri. Kilimbi hakihitaji walinzi wengi wa kukagua vibali langoni. Mkungugu akipanda juu na mitungi, atatambuliwa kwa pua kabla hajafungua kinywa, na msichana aliyeajiriwa huko kufagia atajifunza kuiacha sweta yake nje, kwenye baridi, ili asiambiwe neno.

Jambo la pili ni saa. Ukungu huwa mzito usiku na alfajiri, kwa hiyo hawa ni watu wa kazi ya usiku, na watoto wao wanaamshwa jua likizama. Salamu yao ya asubuhi itolewe magharibi, na msomaji ataelewa bila maelezo. Halafu, tafadhali, wape kilabu. Sisi tuna ulanzi, nao wawe na chao cha kunywa, watani wa kuwacheka na ngoma ya kuwatoa machozi kwa kicheko, maana sijawahi kuona watu, hata wawe wanyonge kiasi gani, wanaokaa kulia mwaka mzima.

Jirani wa Gangilonga

Ninatofautiana kidogo na walionitangulia, kwa kuwa mambo ya majina wameyaruka. Mbeya ina Uzunguni na Uhindini mpaka leo, na hapa Iringa tuna Kitanzini, jina ambalo wenyeji hulieleza kwa kitanzi cha kunyongea watu enzi za Wajerumani. Watu wa juu wataita mitaa yao kwa majina ya wafalme, lakini Wakungugu watakuwa na ramani nyingine kabisa midomoni mwao, na mgeni akiuliza njia kwa jina rasmi atajulikana ametoka wapi. Na nyapara wao awe Mkungugu, mtoto wa shangazi ya mtu, si jitu la kutisha kutoka juu.

Mwandishi wa Uyole

Shikamoo babu, na ninawashukuru nyote. Sura ya kwanza nimeifuta. Sasa inaanza na msichana anayekausha sweta juu ya moshi, akihesabu usiku uliobaki kwenye kadi yake. Babu, ninaomba kuuliza jambo moja tu: kipande kikipotea ilikuwaje?

Babu wa Lupembe

Cha baba hakikupotea, mwanangu, kililowa. Mvua ilimkuta shambani, alama 19 zikafutika, na karani akampa kingine kikavu, kitupu.