Mbegu za peoni Kabale: miezi minne, hata jani moja sijaona

Afande Mstaafu (Kabale)
Habari zenu wapenda maua. Binti yangu yuko Uingereza. Septemba alinitumia mbegu 14 za peoni, nyeusi, kubwa kama njegere. Nikapanda sita kwenye jerikeni niliyoikata ubavu, nikaiweka nyuma ya nyumba chini ya parachichi, maana mbele mama watoto amejaza viazi. Namwagilia kila asubuhi. Sasa ni Januari, kimya. Juzi nilifukua moja, ngumu kama kokoto, nikairudisha. Mke wangu amenipa cheo kipya: mkuu wa kumwagilia udongo. Mbegu ni mbovu, au kivuli ndicho kinanikwamisha?

Boda wa Kisoro
Afande, panda viazi na nyuma pia. Hayo maua waachie Wazungu na theluji yao.

Mama Kitalu (Mbale)
Usimsikilize huyo. Mbegu ya peoni, afande, inalala usingizi mara mbili. Kwanza inataka unyevu na joto la kiasi, nyuzi 18 au 20 hivi, miezi miwili mitatu. Hapo inatoa mzizi tu. Jani linabaki ndani mpaka lipigwe na baridi ya nyuzi 4 kwa wiki 10 hadi 12. Baridi ya usiku wa Kabale sisi wa Mbale tunaiogopa, lakini kwa peoni bado haijawa baridi. Mimi nilitumia friji: mbegu iliyokwisha toa mzizi, mchanga wenye unyevu kidogo, ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), rafu ya chini. Si kwenye friza! Na mzizi ushike kama yai. Kati ya kumi, tatu zilitoa majani.

Maua je? Hapo sikudanganyi. Hata huko kwao, mche wa mbegu huchukua miaka minne mitano kuchanua, na baridi unaitaka kila mwaka, si mara moja ya friji. Wa kwangu una miaka sita, majani matupu. Nimeuzoea, siung'oi.

Kivuli nacho: iko aina ya msituni, Paeonia obovata, inayovumilia kivuli chepesi. Hizi za bustani zinataka jua saa sita kwa siku. Chini ya parachichi weka haidrenjia, au lile ua jekundu la duara kama mpira linalochomoza porini mvua zikianza.

Afande Mstaafu (Kabale)
Nimemwaga jerikeni yote kwenye gunia. Tano bado kokoto. Moja ina mzizi mweupe, mrefu kama kidole changu cha mwisho! Kumbe muda wote ilikuwa kazini. Tano nimezirudisha udongoni, zile nane nyingine nimeziloweka. Yenye mzizi iko frijini, karibu na maziwa. Mama watoto ameuliza hiyo ni dawa ya nini.

Boda wa Kisoro
Mwambie ni ya viazi.