Naomba ushauri: mashine ya benki imeninyima mkopo na hakuna anayejua kwanini

Wakuu habari za muda huu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, nimeshakopa benki moja mara mbili na nikamaliza kabla ya muda, sasa juzi nimeomba milioni 3 kupitia app nikanunue bati kabla mvua hazijaanza, hata dakika haijaisha meseji imeingia "hujakidhi vigezo". Nikaenda tawini, mdada wa kaunta akanigeuzia skrini kidogo nikaona namba imeandikwa kwa rangi nyekundu, namuuliza imetokea wapi ananiambia kaka sistimu ndo imeamua, hata meneja hawezi kuigusa. Yani binadamu mzima anaogopa kompyuta!

Nahisi shida ni laini ya mdogo wangu nilisajili kwa NIDA yangu, jamaa anakopa sana kwa simu ile mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, ila ni hisia tu maana hakuna aliyenipa sababu.

Wakenya sheria yao ya data ya 2019 kifungu cha 35 inagusa haya maamuzi ya mashine peke yake, na Ulaya sheria yao ya akili bandia ya 2024 imeweka upimaji wa wakopaji kwenye kundi la hatari kubwa. Sisi tuna ile ya taarifa binafsi ya 2022. Sasa nianzie wapi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au Benki Kuu (BoT)? Na barua naandikaje ili mtu, sio mashine, apitie upya maombi yangu?