Wasumeri walitoboaje kwenye nchi isiyo na mawe wala madini?

mdadisi_wa_usiku
Wakuu habari za jioni. Nasoma kuhusu Sumer, kusini mwa Iraq ya leo, kuna kitu kinagoma kuniingia. Mvua kiduchu, madini hakuna, mbao za maana hakuna, halafu ndio hao hao wenye miji na maandishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ilikuwaje? Na msiniletee zile video za viumbe wa sayari nyingine.

Mzee wa Stoo
Tope mkuu. Mito ya Frati na Tigri inaleta udongo wenye rutuba, wakachimba mifereji, shayiri ikazaa ya kula na ya kubaki. Sasa ikibaki lazima iwekwe stoo, na mtunza stoo lazima ajue nani kaleta, nani kachukua. Maandishi yalianzia hapo, vibao vya udongo vya mji wao wa Uruk vya kama 3200 KK vingi ni hesabu tu: shayiri, kondoo, bia, posho za vibarua. Kulikuwa na bakuli la udongo la bei rahisi, watafiti wengi wanaamini la kupimia posho, na "kula" waliandika kwa kuchora kichwa cha mtu na bakuli hilo mdomoni. Mashairi yalikuja baadaye kabisa.

nahodha77
Na kukosa vitu ndio kuliwasukuma kufanya biashara, shaba ilitoka Oman huko, wao walipaita Magan. Kuna kibao cha kama 1750 KK kiko British Museum, mteja anaitwa Nanni anamfokea mfanyabiashara wa mji wa Ur huko huko, Ea-nasir, eti umeniletea shaba mbovu na mjumbe wangu umemdharau, nirudishie hela yangu 😂 Kilichobadilika ni simu tu

mama_kilimo
Msisifie mifereji sana jamani. Maji yakikauka juani yanaacha chumvi shambani, mwaka baada ya mwaka, mpaka ngano inakataa mnabaki na shayiri maana yenyewe inavumilia kidogo. Skimu za umwagiliaji hata leo zinakufa hivyo hivyo.

mdadisi_wa_usiku
Asanteni wakuu. Kwa hiyo bia ilikuwa kwenye mshahara kabisa?

Mzee wa Stoo
Kabisa, na karani anaandika umechukua ngapi. Halafu dakika 60 kwenye saa yako nazo asili yake ni huko, walihesabu kwa sitini.