Mananasi yangu yana mbegu, ni maradhi?

mkulima_machui: Assalaam alaykum jamani. Nna kishamba cha mananasi hapa Machui, siku zote nauza sina tatizo, msimu huu wateja wananirudia ati yana vitu vigumu ndani vinauma meno, nkakata mwenyewe nkaona kweli, vimbegu vidogo vya kahawia vimejipanga karibu na ganda. Nanasi lina mbegu tangu lini?? Mbolea ni ile ile, kilichobadilika ni mistari ya mananasi ya miba, miche kanipa shemeji wa Pemba, yangu ya zamani hayana miba. Ni maradhi au?

babu_dole: Mbolea za dukani hizo. Sie tulitia samadi tu hatukuyaona haya.

bi_viungo: Babu shikamoo, lakini mbolea haizai mbegu. Jibu kalisema mwenyewe hapo kwenye miba. Nanasi halikubali poleni, yaani ule unga wa maua, ya aina yake, na shamba zima la machipukizi ya aina moja ni sawa na mmea mmoja, maana wote ni watoto wa kukata si wa mbegu. Poleni ikitua juu ya ua inaanza kuota kamrija kushuka chini, ua likitambua huyu ni mwenzangu kamrija kanasimamishwa njiani basi mbegu hamna. Tunda lenyewe linajaa tu, halingoji poleni. Sasa ukileta Queen, ile aina ya miba, karibu na Smooth Cayenne, ile isiyo na miba, na zikatoa maua pamoja, poleni ngeni inapita hadi chini na mbegu zinaingia. Kila jicho la nanasi lilikuwa ua lake, maua 100 hadi 200 kwenye kichwa kimoja, yanafunguka kidogo kidogo kuanzia chini na kila moja siku moja tu, kwa hiyo nafasi ya kuchanganyika ni kubwa

kijana_paje: na nani anabeba hiyo poleni? vanila si mpaka mtu ashike kijiti aichavushe kwa mkono

bi_viungo: Vanila yaacha, hiyo mdudu wake hayupo huku. Nanasi kwao Amerika ya Kusini linahudumiwa na vile vindege vinavyosimama hewani mbele ya ua, ndo mana Hawaii wamepiga marufuku kuviingiza, wanalinda mananasi yao yasiwe na mbegu. Huku hatuna hivyo ila mie ndege chozi na nyuki nawaona kwenye maua asubuhi.

kijana_paje: mi nafanya hotelini, tuna yale maua ya vyungu yenye majani kama nanasi na kichwa chekundu. hayo je yataharibu mananasi ya watu?

bi_viungo: Hapana, hayo na nanasi ni ukoo mmoja tu, si aina moja. Kwenye ukoo huo wapo wanaojichavusha wenyewe, wapo wanaofungua ua usiku kwa ajili ya popo. Karibu wote ni wa Amerika, Afrika nzima upo mmoja tu wa porini, uko Guinea. Lakini mwambie bosi amwage maji yanayokaa katikati ya majani, mbu hao.

mkulima_machui: Ahsante sana bi. Kwa hiyo hizo mbegu nkizipanda zinaota?

bi_viungo: Zinaota ila taratibu mno, na kila mche utatoka na tabia yake. Watafiti ndo kazi yao hiyo, ile aina ya nanasi inayoitwa MD-2 imepatikana kwa kuchanganya hivyo hivyo huko Hawaii. Wewe wa biashara baki na aina moja, na hayo yaliyopo uza, hayana madhara, mtu amenye ganda nene kidogo mbegu nyingi zinatoka nalo.

mkulima_machui: Basi ya miba nayang'oa. Shemeji sijui ntamwambiaje, kila akipiga simu anayaulizia.