Neovim, VS Code au IntelliJ: ipi inakuokoa ukikosea?

mjenzi_usiku

Wakuu habari. Najua mada ya edita (programu ya kuandikia kodi za kompyuta) ipi ni kali imeshajadiliwa mpaka basi, ila nyingi zinaishia kwenye kasi na muonekano. Mi nataka tulinganishe kwa kitu kimoja ambacho sioni kikisemwa: ukiharibu au ukipotea, edita yako inakusaidiaje?

Nimefika hapa kwa maumivu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa na kazi ya siku nzima sijaikomiti, yani sijaihifadhi kama toleo kwenye Git (programu inayotunza matoleo ya kodi), nikaandika `git checkout .` nikidhani niko kwenye foda nyingine, mafaili kumi na nne yakarudi yalivyokuwa asubuhi. Git yenyewe haina la kufanya hapo maana kitu ambacho hujawahi kukiadi (kukiandaa kwa komiti) wala kukikomiti haikijui kabisa. Bahati siku hiyo nilikuwa ndani ya IntelliJ, nikaenda kwenye foda ya mradi, nikabonyeza kulia, Local History, nikakuta mabadiliko yote yamepangwa kwa saa na dakika, nikachagua hali ya kabla ya ile amri, nikarudisha foda nzima kwa mpigo. Sikuwa nimewasha setingi yoyote, ilikuwa inajiandikia tu yenyewe muda wote nafanya kazi.

Toka hapo nimeangalia hizi tatu ninazotumia kwa jicho tofauti kabisa.

IntelliJ hapo juu mmeshaona, kwa kawaida inatunza siku 5 za kazi. Tatizo lake ni uzito, nina laptopu ya RAM GB 8 na ikianza kuindeksi (kupitia kodi yote ili itengeneze orodha ya kutafutia) mradi wa Java feni inalia na brauza inakuwa nzito hadi nafunga tabu.

VS Code nayo ina kitu kama hicho tangu Machi 2022, kiko chini pale kwenye Timeline, ila kinaenda faili kwa faili. Kwa mafaili kumi na nne ningeyafungua moja moja na kutafuta saa inayofaa. Inawezekana, ila ukiwa umechanganyikiwa ndo wakati mbaya zaidi wa kupewa kazi ya mikono.

Neovim, ile edita iliyotokana na Vim, natumia kwenye seva tu. Ni nyepesi mno, lakini ukifunga faili na kulifungua tena huwezi kurudi nyuma, kila kitu kimeenda. Au mi ndo sijui kuitumia?

Naomba maoni ya watu wanaozitumia kila siku, hasa wenye mashine ndogo.

zuhura_dev

Pole sana mkuu, hiyo checkout yenye nukta imeliza wengi. Kwa Neovim hujaijua bado. Weka `set undofile` kwenye setingi zako, historia inasevuliwa kwenye diski, unafunga leo unafungua kesho na unarudi nyuma kama hujafunga. Alafu kuna kitu edita nyingi hazina, historia yake ni mti, siyo mstari. Edita ya kawaida ukirudi nyuma hatua kumi ukaandika herufi moja mpya, zile kumi za mbele umezipoteza. Vim inazitunza kama tawi la pembeni, na ukiandika `:earlier 10m` inakurudisha faili lilivyokuwa dakika 10 nyuma bila kujali ulipita tawi gani. Hii ipo tangu Vim 7.0 ya mwaka 2006.

Ila nakubaliana na wewe kwenye jambo moja na linaniuma kwa sababu naipenda: undofile haijawashwa ukiinstoli. Kitu cha kumuokoa mtu kikisubiri mpaka akitafute, atakitafuta siku ambayo ameshachelewa.

Nahodha2

Mimi niko upande wa VS Code na sioni aibu. Mnaongelea kuharibu, tuongelee na KUPOTEA maana mtoa mada kasema yote mawili. Mtu mpya akifungua Vim hata kutoka hajui, swali la namna ya kutoka kule Stack Overflow lilifikisha watazamaji milioni 1 mwaka 2017. Watu milioni wakigonga mlango uleule tatizo ni la mlango.

VS Code unabonyeza Ctrl+Shift+P, unaandika unachotaka kwa maneno yako, inakuletea amri, na pembeni ya amri imekuandikia vitufe vya njia ya mkato. Hapo ndo pana ubunifu wenyewe. Leo unaitafuta kwa jina, kesho unaitafuta tena, siku ya nne vidole vimeshavijua vile vitufe na hujafungua ukurasa wowote wa maelezo. Wazo hilo Sublime Text walikuwa nalo kabla, sikatai, lakini hapa ndipo wengi tulipolikuta.

Kuhusu RAM, watu wanailaumu edita wakati mzigo ni plagini (vipande vya nyongeza) walizojaza wenyewe. Kwenye menyu ya Help kuna Process Explorer, inakuonyesha kila kipande kinakula kiasi gani. Na ukihisi kuna plagini inasumbua ila hujui ipi, tafuta amri ya Extension Bisect, inazima nusu ya plagini inakuuliza tatizo lipo bado au limeisha, inagawa tena nusu, hivyo hivyo. Plagini 32 unaipata mbaya kwa mizunguko mitano hivi badala ya kuzima moja moja.

kitufe_cha_kona

Nahodha2 hapo kwenye mlango nina la kuongeza kidogo, maana Vim haikubuniwa hivyo kwa ukatili. Bill Joy aliandika vi, edita ambayo Vim ilitokana nayo, mwaka 1976 akitumia terminali (skrini na kibodi vya kuunganishwa na kompyuta kubwa) ya ADM-3A. Ile kibodi mishale ilikuwa imechorwa juu ya herufi H, J, K na L, na Esc ilikaa pale ilipo Tab siku hizi, yani kidole kidogo kinaigusa bila mkono kusogea. Laini ya simu aliyotumia nayo ilikuwa ya taratibu sana, kuchora skrini upya ni kusubiri, kwa hiyo amri fupi za herufi moja zilikuwa na mantiki kubwa tu. Baadaye kibodi ikabadilika, Esc ikahamishiwa kona ya juu kabisa, na programu ikabaki na mwendo uleule. Tunachokiona kigumu leo ni programu iliyoachwa na kibodi yake.

Ndo maana wengi wetu tunaifanya Caps Lock iwe Esc. Jaribuni, ni setingi ya dakika tano na mkono unapumzika. Na Apple mwaka 2016 walipoweka Touch Bar (ukanda wa kugusa juu ya kibodi) na kuondoa kitufe halisi cha Esc kwenye MacBook Pro nyingi, waandishi wa programu walilalamika mpaka kikarudi 2019 kwenye ile ya inchi 16. Kitufe unachokibonyeza ukiwa na wasiwasi lazima kidole kikihisi bila macho, kwangu hilo halina mjadala.

mti_wa_kati

Mnasahau Helix, edita nyingine. Ina modi kama Vim (hali moja ya kuandika, nyingine ya kutoa amri) ila ukibonyeza nafasi au `g` inafungua kisanduku kidogo kinachokuonyesha herufi zipi zinafuata na kila moja inafanya nini. Pia unachagua kwanza maneno ndo unatoa amri, kwa hiyo unaona kitakachofutwa kabla hujakifuta. Kwenye Neovim plagini ya which-key inakupa kile kisanduku.

Kwa mwenye GB 8 na mradi wa Java, usiiache IntelliJ. Foda za bildi na za vitu vilivyozalishwa zitie alama ya Excluded isiziindeksi, na ukiwa unasoma tu kodi washa Power Save Mode kwenye menyu ya File, inaacha kukagua kodi nyuma ya pazia. Kwangu tofauti ilikuwa kubwa.

zuhura_dev

Nahodha2 la amri kujifundisha zenyewe umenishinda, na kisanduku cha which-key nitakiweka kwa wanafunzi ninaowasaidia. Ila kwenye seva bado sikubali. Ukiunganisha VS Code kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) inainstoli kipande chake kule kule kwenye seva na kipande hicho kinakula RAM ya seva. Seva ndogo yenye kazi ya watu ndani yake, mimi siweki kitu ambacho sikihitaji.

Nahodha2

Kwa seva ndogo hapo sawa, nakubali. Hata mi nikiingia kurekebisha mistari miwili natumia vi hiyo hiyo iliyopo.

mjenzi_usiku

Asanteni sana, nimerudi na majibu. Nimetengeneza mradi wa majaribio nikauharibu makusudi kwa amri ileile kwenye edita zote tatu.

Neovim yenye undofile: nimefanikiwa kwa mafaili yaliyokuwa bado wazi ndani ya edita, ila ilibidi kila faili nilirudishe nyuma mwenyewe, na faili lililokuwa limefungwa haliokoki, maana likibadilishwa nje ya edita ile historia ya kwenye diski inapuuzwa. VS Code vilevile, kila faili ukilisevu inatunza nakala, hadi 50 kwa faili, lakini nilipobadilisha faili kwa skripti nje ya edita haikuwa na nakala ya hatua hizo. IntelliJ imerudisha foda nzima kwa mara moja tena. Kwa Java nabaki nayo, na baada ya kutoa zile foda za bildi feni imetulia kabisa, sikutegemea iwe rahisi hivyo.

Caps Lock nimeibadilisha kuwa Esc jana, leo nimeshakosea mara nyingi ila naona inakwenda. Na VS Code nimeifanyia ile bisect, mizunguko minne tu ikamtaja mkosaji, plagini ya kupaka rangi mabano ambayo niliiweka miaka mingi nyuma, na edita yenyewe siku hizi inayapaka rangi bila msaada wa plagini yoyote.