Sabuni ya mwani kutoka Wete, Pemba: nianze na hoteli, maduka au harusi?

MkaaWete: Assalaam aleikum ndugu zangu. Natengeneza sabuni ya mwani yenye mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), vipande 300 vya gramu 100 kwa mwezi. Kimoja kinanigharimu Sh 1,300, nauli ya boti haimo. Kule Unguja, hoteli za Nungwi wanataka ankara, maduka ya Mji Mkongwe wanataka mali kauli, yaani walipe ikishauzika, hapa Wete wanasema ghali. Nianze wapi?

Duka_Gizenga: Waaleikum salaam. Hoteli ziache kwanza. Chumbani wanaweka kipande cha gramu 25, si 100. Hoteli ya vyumba 40, wageni wakibadilika kila siku nne, ni vyumba 10 kwa siku. Vipande viwili kila chumba, basi 600 kwa mwezi. Hizo kilo 15 ni nusu ya sabuni yako yote, na malipo utayangoja siku 30 au zaidi. Mtaji utakwama huko.

Mali kauli kubali, ila vipande 20 tu kwa duka, daftari lisainiwe, na urudi kuhesabu kila wiki mbili. Usipopita, sabuni husukumwa rafu ya chini na hakuna anayeiona. Bei ya jumla ukiweka 2,500, duka litauza kama 5,000. Na wewe usiuze rejareja mjini chini ya hapo, wenye maduka watakurudishia mzigo.

BiSingo: Mwanangu, Wete usiiuze kama sabuni ya kuogea, hapo unashindana na mche wa sabuni wa dukani. Zungumza na masomo, yaani makungwi wanaowaandaa maharusi. Vipande vitatu, singo ya kusugulia mwili na udi ndani ya kikapu cha ukili: hiyo ni zawadi, hakuna atakayeilinganisha na mche. Pesa taslimu, na boti hupandi.

MkaaWete: Ahsante Bi. Tatizo jengine, lebo zinabanduka.

Duka_Gizenga: Unafunga plastiki mapema. Iache ikauke wiki nne hadi sita penye upepo, kisha funga karatasi. Uzito nao pima baada ya kukauka. Ukiandika gramu 100 siku ya kukata, mteja atapima pungufu.

BiSingo: Makonyo yasizidi gramu 5 kwa kilo, yanawasha ngozi. Tia mwisho kabisa, kalibu za kumiminia ziwe tayari, maana uji wa sabuni huganda ghafla sufuriani.

Duka_Gizenga: Mzigo wa maduka ufike Juni, kabla ya wageni wa Julai. Masika usilete, hoteli nyingi hufunga na maduka yanalala.